Waridi langu dogo limechipua tawi katikati ya ua, na tawi jingine linatoa maua meupe. Nini hiki?

#1 MamaVyungu (Tegeta), 2 Februari
Habari za jioni wanabustani. Naombeni macho yenu.

Mwezi wa sita mwaka jana nilinunua waridi dogo, yale mafupi ya kukaa kwenye chungu, kwa muuza miche wa kando ya barabara. Mpaka leo kimo chake hakijazidi rula ya mwanafunzi, na ua likifunguka lote ni upana wa kizibo cha soda. Rangi pinki iliyokolea. Julai na Agosti lilichanua mpaka wapita njia wanasimama getini.

Desemba joto lilipopamba moto likanyamaza. Nikalipogoa, nikalilisha, katikati ya Januari likachipua kwa kasi. Sasa yametokea mambo mawili.

La kwanza: ua lilifunguka vizuri, lakini palipotakiwa kuwa na ule unjano wa katikati pametoka kijiti cha kijani kimesimama wima, kina vijani viwili, na kichwani kina tumba jingine dogo. Yaani ua limezaa ua likiwa bado mtini. Tawi hilo hilo lina matatu ya namna hiyo.

La pili: upande wa pili wa chungu kuna tawi linalotoa maua karibu meupe, yamebakiza wekundu kidogo tu kwenye kingo za petali.

Mama mkwe kasema nisiguse kitu, hiyo ni heri ya nyumba. Jirani kasema ni ugonjwa, niling'oe kabla halijaambukiza mengine. Nina vyungu kumi na moja pale barazani. Nifanyeje?

#2 FundiKubebesha (Moshi)
Pole dada. Hilo jibu lake jepesi: shina mama limechipua. Waridi hubebeshwa juu ya shina la waridi pori, ukichelewa kuondoa machipukizi ya chini, pori linatawala na rangi inabadilika. Hesabu vijani kwenye jani moja la hilo tawi jeupe. Vikiwa vitano ni waridi lako, vikiwa saba ni pori. Kata kuanzia chini kabisa.

#3 KitaluUsaRiver
Mkuu #2, kwa mawaridi makubwa nakubaliana na wewe, ila haya madogo ya chungu ni habari nyingine. Sisi tunayazalisha kwa pingili. Tunakata kipande chenye jicho moja au mawili, tunachomeka moja kwa moja kwenye kopo, linatoa mizizi yake lenyewe. Hakuna shina mama hapo. Mengi yanayouzwa kwenye chungu, ya hapa na ya Ulaya, ni hivyo hivyo.

Na hiyo kanuni ya vijani saba imewaponza wengi. Waridi bora kabisa likiwa na nguvu hutoa jani la vijani saba bila tatizo lolote. Nimewahi kuona mtu amekata tawi zuri kuliko yote mtini kwa sababu ya kuhesabu.

#4 JuaKali_Mbezi
Mimi la kwangu lilikufa Januari. Dar si mahali pa waridi, tusidanganyane. Waridi ni Arusha, Lushoto, Njombe. Hapa kuanzia Desemba hadi Machi mchana unapita nyuzi 30 na usiku haupoi. Mmea unachanganyikiwa.

#5 FundiKubebesha (Moshi)
#3 asante kwa kunirekebisha kuhusu pingili. Lakini wako wanaobebesha hata hayo madogo juu ya shina refu ili yaonekane kama mti mdogo. Tungeona picha ya shina tungejua.

#6 Mlimbwende_Limuru
Wadau, niulize tu. MamaVyungu unasema "nikalilisha". Ulililisha nini, kiasi gani, na maji unatoa wapi? Maana mtu anauliza ugonjwa wakati chakula hajasema.

#7 MamaVyungu (Tegeta)
#6 swali zuri. Niliweka urea kijiko kimoja cha chai, baada ya siku tano nikaona halina haraka nikaongeza kingine. Samadi ya kuku kiganja kimoja. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo, hata sabuni haitoi povu vizuri.

#5 hakuna shina refu, matawi yanatoka kwenye udongo.

#8 Mlimbwende_Limuru
Vijiko viwili vya urea ndani ya wiki moja, kwenye chungu cha rula moja! Na samadi ya kuku juu yake! Dada, huo mmea umepewa sherehe. Hapo ndipo jibu lilipo. Naitrojeni ikizidi, mmea unataka kuendelea kurefuka, hautaki kusimama utoe ua. Kijiti kinapita katikati ya ua kwa sababu tawi halijakubali kwamba limefika mwisho.

Na hayo maji ya chumvi yatakuletea ncha za majani zilizoungua, kama bado hazijaungua. Maji ya mvua yakipatikana, tumia hayo.

#9 Mhamiaji_Dallas
Naandika toka Texas. Usipuuze ugonjwa. Huku kuna kirusi kinachopelekwa na utitiri mdogo sana anayebebwa na upepo, kilitambuliwa rasmi mwaka 2011 ingawa dalili zake zilijulikana miaka mingi kabla. Waridi linatoa machipukizi mekundu yaliyosongamana kama ufagio, miiba inajaa isivyo kawaida, maua yanaharibika umbo. Dawa hakuna. Nimeng'oa mashina sita kwa mikono yangu na kuyafunga kwenye mifuko, na mawili kati ya hayo mke wangu aliyapanda wiki tuliyohamia nyumba hii. Bado linaniuma.

#10 KitaluUsaRiver
Pole sana kaka #9. Lakini huo ugonjwa tunaousikia ni wa kwenu Amerika Kaskazini. Ndiyo maana namuuliza MamaVyungu: je, machipukizi yana miiba mingi kuliko kawaida? Yamesongamana?

#11 MamaVyungu (Tegeta)
Hapana. Miiba ni ile ile, midogo, michache. Majani ya kijani kizuri kabisa, hata yanang'aa. Ncha chache zimeungua, #8 umepatia.

#12 Mwl_Petali (Iringa)
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nasahihisha mitihani.

Hili jambo ni la zamani. Goethe, yule mshairi wa Kijerumani, alilichora na kulieleza waridi la namna hii mwaka 1790: ua ambalo katikati yake shina linaendelea na safari. Alilitumia kuonyesha kwamba sepali (vile vijani vinavyofunika tumba), petali na stameni (zile nyuzi za kiume zenye vichwa vya njano) zote ni jani lililobadilishiwa kazi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakishika ua halisi la hivi mkononi wanaelewa ndani ya dakika moja kitu ambacho kitabu hakiwaelezi kwa wiki nzima.

Kwa kawaida kilele cha tumba hupata amri ya kukoma kukua kikishatengeneza sehemu za kike za ua. Amri hiyo inatoka kwenye jeni. Ikichelewa au ikidhoofika, kilele kinarudia kazi yake ya zamani ya kutoa shina na majani. Joto, chakula kingi, ukuaji wa ghafla baada ya kupogoa, vyote vinatajwa kuwa vichochezi. Kwa hiyo #4 na #8 huenda wote wana haki.

Nakuomba kitu kimoja, dada. Kata ua moja, lipasue kwa wembe toka juu hadi kwenye kikonyo, utuambie unaona nini. Usituambie unachodhani, tuambie unachokiona.

#13 Kijana_wa_Magugu
Kabla hamjafika mbali: kuna mtu karibu amepiga dawa ya kuua magugu? Dawa ikipeperushwa na upepo kidogo tu, waridi halifi, linatoa majani membamba kama sindano na maua ya ajabu msimu unaofuata. Kwetu Kibaha fundi alipulizia uani, nikapoteza ua la mwaka mzima. Unaweza kukaa miezi bila kujua.

#14 Baba_Tausi
Nyie mnasema Dar haifai waridi. Mimi nipo Kigamboni, waridi langu lina miaka minne, linapigwa jua toka asubuhi mpaka jioni, maji mara moja kwa wiki, halijawahi kunisumbua. Shina lake nene chini kama kibuyu, maua ya pinki yenye umbo la tarumbeta.

#15 KitaluUsaRiver
#14 shina nene kama kibuyu? Maua ya tarumbeta? Ukikata yanatoa utomvu mweupe?

#16 Baba_Tausi
Ndiyo, mweupe kama maziwa.

#17 KitaluUsaRiver
Mzee wangu, hilo ni waridi la jangwani. Jina tu ndilo waridi, ukoo ni mwingine kabisa. Waridi la kweli ni ndugu wa tufaa, pea na stroberi. Hilo lako utomvu wake ni sumu, watu wa nyika waliutumia kwenye mishale. Nawa mikono ukishalipogoa na watoto wasilichezee.

#18 Mlimbwende_Limuru
Baba Tausi miaka minne anajisifia waridi na amekuwa akifuga mshale!

#19 Baba_Tausi
Leo nimejifunza. Wajukuu nimeshawakataza. Ila ua langu naendelea kulipenda, na litabaki pale pale mlangoni.

#20 MamaVyungu (Tegeta), 5 Februari
Mwalimu #12, nimepasua. Nimekaa chini ya mwembe saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachoma, na wembe mpya.

Nje kuna sepali tano za kawaida, mbili kati yake zina vijimkia. Kisha petali, nimehesabu thelathini na moja. Nilitegemea kuona zile nyuzi zenye vichwa vya njano: hakuna hata moja. Mahali pake kuna vipetali vidogo vilivyojikunja, nusu pinki nusu kijani, kama vile havijaamua. Chini, pale panapovimba na kuwa tunda, hapajavimba kabisa, ni bomba moja kwa moja. Kijiti cha kijani kinatokea hapo hapo, unene wa njiti ya kiberiti, na mstari wake unaendelea na kikonyo bila kiungo. Tumba la juu nimelipasua pia. Ndani lina petali za pinki zimebanana, na katikati yake, ninaapa, kuna kichwa kingine cha kijani ukubwa wa punje ya ulezi.

Nilinyamaza kwa muda. Sikujua kama nimekata ugonjwa au nimekata kitu kizuri.

#13 hakuna aliyepiga dawa ninayemjua, ila kiwanja cha jirani kilisafishwa Novemba na kwa sasa hakijaota nyasi. Majani yangu lakini si membamba.

#21 Mwl_Petali (Iringa)
Umeandika vizuri kuliko vitabu vingi. Hivyo vipetali nusu kijani ni ushahidi wa kutosha kwamba stameni zimebadilishwa kuwa petali, na kilele hakikukoma. Ua ndani ya ua ndani ya ua.

Kuna waridi la Kichina la tangu karne ya 19 ambalo maua yake yote ni ya kijani: petali zake zote zimekuwa sepali. Lile ni la kudumu, ukipanda pingili unapata kijani tena. La kwako sidhani ni la kudumu. Joto likipungua naamini litarudi kawaida.

#22 Ufuta_Lindi
Mwalimu, naomba nikuingilie. Mimi nalima ufuta. Mwaka juzi sehemu ya shamba maua yaligeuka majani, mmea unakuwa kichaka, hautoi kokwa. Bwana shamba akaniambia ni vimelea vidogo kuliko bakteria wa kawaida, vinaletwa na vidudu vinavyorukaruka majanini na kufyonza utomvu. Hakuna dawa, unang'oa. Nikiangalia maelezo ya huyu dada nakumbuka ufuta wangu. Je, una vinka, yale maua madogo ya mapambo, hapo barazani?

#23 MamaVyungu (Tegeta)
Ninazo vinka vyungu vitatu. Moja maua yake yamekuwa madogo, yana ukijani. Nilidhani ni uzee.

#24 Mwl_Petali (Iringa)
#22 ahsante, umetaja jambo nililoliruka. Vimelea hivyo vinaitwa fitoplazma, na vinka ni mmoja wa mimea inayoonyesha dalili zake waziwazi. Lakini mara nyingi vinaposhika mmea, majani yanapauka na kudumaa, na maua yote yanakuwa ya kijani. Hapa tawi moja tu limefanya hivyo na majani yananawiri. Hata hivyo itenge ile vinka, au itoe kabisa. Sitabisha kwa ajili ya kubisha.

#25 Kivunguliо_Naivasha
Nimefanya kazi miaka sita kwenye vivungulio vya maua ya kusafirisha, Naivasha. Kule mawaridi makubwa yamebebeshwa, sana sana kwenye shina la waridi linaloitwa Natal Briar. Maua yenye kichwa cha kijani katikati tuliyaona, hasa paa likiwa halijafunguliwa mchana na joto likapanda, au likija tawi la kwanza lenye nguvu baada ya kukata chini. Aina moja inatoa sana, ya jirani yake haitoi kabisa, mbolea ni ile ile bombani, hewa ni ile ile. Kwa hivyo siwezi kukubali kwamba ni urea peke yake. Damu ya waridi lenyewe ina neno.

Yalitupwa. Soko halitaki. Mimi nilikuwa nabeba moja moja nyumbani.

#26 Mlimbwende_Limuru
#25 sijasema ni peke yake. Nimesema ni sherehe kubwa mno.

#27 Pinki_Pinki (Mwanza)
Na lile tawi jeupe mbona mmelisahau? Mimi nadhani ni udongo. Hidranjia yangu ikipandwa penye uchachu inatoa bluu, penye chokaa inatoa pinki. Maji ya kisima yana chokaa, basi rangi imebadilika.

#28 KitaluUsaRiver
Kwa hidranjia ni kweli kabisa, uchachu unairuhusu kufyonza alumini ndipo bluu inatokea. Waridi halina tabia hiyo. Na kama ingekuwa udongo, chungu ni kimoja, mbona tawi moja tu?

Kuna maelezo mepesi: ukinunua waridi la chungu, mara nyingi ndani yake kuna pingili tatu au nne zimechomekwa pamoja ili kichaka kijae haraka. Kitaluni mkono ukikosea, pingili ya aina nyeupe inaingia kwenye kopo la pinki. Nimeyaona mara nyingi, na mtu anafurahi anadhani ni muujiza. MamaVyungu, mwaga chungu taratibu, osha udongo wa juu, uone kama mashina ni mangapi.

#29 Mkulima_Hewani
Mimi nasema ni mabadiliko ya tawi. Hutokea seli moja kwenye jicho ikabadilika, na tawi zima linalotoka hapo linakuwa aina nyingine. Hivyo ndivyo mawaridi mengi yalivyopatikana. New Dawn, lililopata hati miliki ya kwanza ya mimea Marekani mwaka 1931, lilikuwa tawi tu lililojitofautisha kwenye waridi jingine la kutambaa. Chicago Peace nalo lilitoka kwenye tawi la waridi liitwalo Peace. Dada usikate hilo tawi!

#30 JuaKali_Mbezi
Au ni joto tu. Rangi nyekundu ya waridi hutengenezwa kidogo kukiwa na joto kali. Ua la Julai limekolea, la Januari limepauka, mti ni ule ule. Hilo tawi lipo upande gani wa chungu?

#31 MamaVyungu (Tegeta), 9 Februari
#30 lipo upande wa magharibi, linapata jua la alasiri lililopiga ukutani.

#28 nimemwaga chungu. Mashina ni manne, kila moja na mizizi yake, umesema kweli. Nilishafurahi kwamba tumemaliza. Kisha nikalifuata tawi jeupe kwa kidole mpaka chini: limetoka kwenye shina la pili, na shina hilo hilo, sentimita tano juu yake, lina tawi lenye maua ya pinki. Nimeangalia mara tatu. Nimemwita mume wangu naye akaangalia kwa tochi ya simu.

#32 KitaluUsaRiver
Basi hapo nimekwama. Shina moja, rangi mbili.

#33 Mkulima_Hewani
Nilisema!

#34 JuaKali_Mbezi
Usishangilie mapema. Lile la pinki lipo ndani, kivulini mwa majani, na jeupe lipo nje linaungua. Geuza chungu. Jeupe liwe upande wa kivuli, usubiri maua yanayofuata. Yakirudi pinki, ni jua.

#35 Historia_ya_Maua
Wakati tunasubiri, niwape asili ya haya madogo, maana wengi wanadhani ni makubwa yaliyodumazwa. Si kweli. Damu yake ni ya mawaridi mafupi ya Kichina. Miaka ya mwanzo ya karne iliyopita ofisa mmoja Mswisi, Roulet, aliyaona yakikuzwa vyunguni madirishani mwa kijiji kimoja cha milimani, akampelekea habari mtaalamu wa mimea Henri Correvon, naye akalipa jina la Rouletii. Mholanzi Jan de Vink akalichanganya na mengine, na moja la kwake likauzwa Marekani mwaka 1936 kwa jina Tom Thumb. Aliyeyafikisha mbali kabisa ni Ralph Moore wa Visalia, California, aliyezaliwa 1907 akafariki 2009. Alitengeneza aina kwa mamia. Mojawapo, Green Ice ya mwaka 1971, hufunguka jeupe kisha likiwa kivulini linapata ukijani.

Namtaja makusudi. Haya madogo yamechanganywa mara nyingi sana, ndani yake kuna mababu wengi. Kwangu si ajabu tawi moja likikumbuka babu mwingine.

#36 Pinki_Pinki (Mwanza)
Asante kwa darasa. Tukiwa kwenye rangi: nimeona mtandaoni mbegu za waridi la bluu na la rangi saba. Ninunue?

#37 Mwl_Petali (Iringa)
Usinunue! Waridi kwa asili halina jeni ya kutengeneza rangi ya bluu inayohitajika. Kampuni ya Suntory ya Japani pamoja na Florigene ya Australia walihangaika miaka mingi, wakatangaza la kwao mwaka 2004, likaanza kuuzwa Japani 2009. Na hilo lenyewe ukiliangalia ni zambarau iliyopauka. Ya bluu unayoyaona harusini ni meupe yaliyonyweshwa rangi kupitia kikonyo. Na aina ya waridi haihifadhiwi kwa mbegu. Mbegu inakupa mtoto mwenye sura yake mwenyewe.

#38 Pinki_Pinki (Mwanza)
Nimeshanunua pakiti moja. Ilishaota. Ni kitu kama mchicha.

#39 Bi_Kikuba (Mombasa)
Nimesoma uzi wote na hakuna hata mmoja aliyeuliza: lanukia? Kwetu waridi lisilonukia hata haliingii kwenye kikuba, kile kishada cha maua yanukiayo. Nyanya yangu akichuma asmini, mkadi, rehani na waridi moja la pinki, la zamani, petali zake laini mno, halidumu siku mbili. Haya ya kisasa ya chungu mazuri kwa macho, lakini ukiyaweka kifuani mwa bi harusi hayasemi kitu. MamaVyungu, hilo jeupe na hilo la pinki, yanukia sawa?

#40 MamaVyungu (Tegeta)
Bi Kikuba, sikuwahi kufikiria. Nimetoka sasa hivi kunusa. La pinki kidogo sana, kama chai ya majani ikiwa bado kavu. Jeupe halina harufu kabisa.

#41 Binti_Nizwa
Salamu toka Oman. Bi Kikuba amenigusa. Jabal Akhdar huku juu, mawaridi yanachumwa kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei, alfajiri, kabla jua halijanyonya harufu. Petali zinapikwa kwenye tanuri za udongo, moto chini, mvuke unakusanywa, marashi yanatoka na harufu ya moshi. Bibi yangu aliyezaliwa Unguja alikuwa akiyatia kwenye mrashi kila mgeni akiingia. Alijaribu kuotesha waridi hilo pwani mara mbili. Lilitoa majani tu, ua halikutoa hata moja. Lile linataka baridi ya mlimani, na linachanua mara moja kwa mwaka.

#42 JuaKali_Mbezi
Narudia basi: pwani si kwa waridi. Hata bibi wa Binti Nizwa ameshuhudia.

#43 Bi_Kikuba (Mombasa)
Na nyanya yangu wa Mombasa je? Yeye alikuwa juani kweupe pwani na waridi lake lachanua mwaka mzima. Si kila waridi ni moja.

#44 Mhamiaji_Dallas
Tofauti ya harufu kati ya matawi mawili inanifanya nielekee kwa #29. Joto linaweza kupausha rangi, lakini harufu kupotea kabisa?

#45 Kivunguliо_Naivasha
Joto laweza kuondoa harufu pia. Ua lililopigwa na jua la alasiri limeshapoteza harufu kabla hujalifikia. Anuse saa kumi na mbili asubuhi, yote mawili yakiwa yamefunguka siku moja.

#46 MamaVyungu (Tegeta), 14 Aprili
Wanabustani, samahani kwa ukimya. Masika yameanza na nimeleta habari.

Urea niliacha kabisa. Niliosha udongo kwa maji ya mvua, nikabadilisha nusu yake kwa mboji na makumbi ya nazi niliyoloweka siku mbili na kumwaga maji yake. Vinka yenye ukijani niliing'oa. Chungu nimekigeuza, tawi jeupe likawa upande wa kivuli. Najua Mwalimu atanigombeza kwamba nimefanya yote kwa pamoja, sasa hatutajua lipi limesaidia.

Tawi lililokuwa linatoa ua ndani ya ua limetoa matumba saba. Sita yamefunguka kawaida kabisa, yana unjano wake katikati. La saba lina kijiti, kifupi, bila tumba.

Tawi jeupe limetoa mawili. Yote meupe, hata wekundu wa pembeni umepungua. Nimeyanusa alfajiri pamoja na la pinki kama alivyosema #45: meupe hayana harufu.

#47 Mkulima_Hewani
Kivulini na bado jeupe! Sasa chukua pingili.

#48 JuaKali_Mbezi
Mvua na mawingu nayo yana mchango. Subiri Julai, wakati lile la pinki linakolea, ndipo tuseme.

#49 Mwl_Petali (Iringa)
Sigombezi. Ila hilo la saba nalitaka, ukilikausha katikati ya daftari unitumie kwa basi. Nauli juu yangu.

#50 MamaVyungu (Tegeta)
Mwalimu, lipo tayari ndani ya daftari la hesabu la binti yangu. #47 nimeshachukua pingili tatu za tawi jeupe jana jioni, nimezichomeka kwenye kopo la maziwa nililotoboa chini na kulifunika kwa mfuko wa nailoni. Mama mkwe ndiye anayezinyunyizia.

#51 Bi_Kikuba (Mombasa)
Zikishika, moja yangu. Hata kama halinukii.